Ghala Lisilo na Hati: Kadhia ya Ardhi ya Bara ya Amu

Visiwa vya Amu, yaani Lamu, havikupata kulishwa na udongo wake peke yake. Kisiwa cha Amu chenyewe ni mchanga, minazi na miembe. Manda, ambacho mji wake wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, kina uhaba wa maji matamu. Na Pate, ijapokuwa ni kipana kuliko vyote na kina ardhi njema upande wa Siu, Tundwa na Faza, kilibeba miji mingi kuliko nafaka yake. Ghala la watu hawa lilikuwa bara, ng'ambo ya mkondo ambao mashua yenye upepo wa kufaa huuvuka kabla jua halijawa kali: kwa watu wa Amu lilikuwa Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Magogoni na Mpeketoni, na kwa Wabajuni wa Pate na Faza ilikuwa pwani ile ndefu inayopanda kaskazini, kupita Dodori, Mkokoni na Kiunga hata Ishakani mpakani mwa Somalia. Mwenye kutaka kuifahamu kadhia ya ardhi ya Amu, ambayo katika zama zetu imefika mahakamani, ikafika Ikulu, na imepata kumwaga damu, hana budi aanze hapo: kwamba nyumba zilikuwa visiwani na shamba lilikuwa bara, na kwamba kila dola iliyokuja ilizihesabu nyumba ikalisahau shamba.

Kilimo cha bara kilikuwa kilimo cha kuhama. Kabla ya mvua za mwaka watu wa mji mmoja walivuka pamoja, wakafyeka mwitu, wakauacha ukauke, wakauchoma, kisha wakalizungushia konde lote ua wa matawi ya miiba, na ndani ya ua huo kila mtu akaijua sehemu yake. Mtama, mahindi, kunde na ufuta vilipoanza kusimama, vijana walipanda juu ya madungu, nayo ni vitanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na huko wakashinda na kukesha, kombeo mkononi, wakifukuza ndege na nyani mchana na nguruwe usiku. Kwani ua ulipotobolewa mahali pamoja ilikuwa hasara ya wote, na mlinzi aliyelala hakulaumiwa na baba yake tu. Baada ya misimu michache, udongo ulipochoka, konde liliachwa lirudi mwitu, nalo halikutupwa bali lilipumzishwa, na aliyelilima alijua, na jirani yake alijua, ni nani atakayerudi pale na lini.

Mavuno yalikuwa ya mkulima, lakini ardhi yenyewe ilikuwa ya mji. Mgeni aliyetaka kulima aliwaendea wazee, akabisha hodi, akaonyeshwa mahali. Na aliyekata mwitu bila ya kuuliza alitambulikana upesi, maana moshi wa konde haufichiki. Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, walikuwa na asali yao na mawindo yao ndani ya misitu hiyohiyo, na Waorma walipitisha ng'ombe wao kuyafuata maji, wala haki ya mmoja haikuifuta haki ya mwenziwe. Fiqhi nayo ilikuwa na hukumu yake, kwamba ardhi mfu ni ya mwenye kuihuisha, na hukumu hiyo ilipatana vyema na desturi ya watu ambao kila baada ya miaka michache walikuwa wakiihuisha upya ardhi ileile. Hati ya karatasi aghalabu haikuwako, kwa sababu hakukuwa na wa kuonyeshwa.

Msomaji asidhani kwamba ninaisifu zama ile kwa kila jambo. Katika karne ya 19, hasa baada ya Amu kuishinda Pate na Mazrui katika vita vya Shela na kujiweka chini ya himaya ya Seyyid Said wa Omani, mashamba makubwa ya Hindi na Mkunumbi yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na mtumwa hakuulizwa ridhaa yake juu ya ardhi wala juu ya nafsi yake. Wengi walitoroka, wakakimbilia kwenye misitu ya Witu, ambako Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, wa ukoo wa wafalme wa Nabahani wa Pate, alikuwa amejenga makao yake baada ya kushindwa visiwani. Na vijiji vya watoro vikawa vikilima chakula chao wenyewe si mbali na mabwana waliowapoteza. Basi hata ndani ya ghala lile palikuwa na dhuluma, na dhuluma hiyo iliacha deni ambalo wajukuu wa pande zote mbili bado wanalijua.

Walakini jambo moja la zama zile lastahiki kukumbukwa. Majahazi yalishuka kwa kaskazi kutoka Hadhramauti, Omani na Ghuba, yakileta tende, papa mkavu, vyombo na mazulia. Na kusi ilipovuma yakarudi yamesheheni boriti za mikoko, mtama na samli. Bara Arabu, ambayo mvua yake ni chache na jangwa lake ni pana, ilikuwa ikila nafaka ya pwani hii tangu karne nyingi. Na ufuta wa Amu, kupitia wafanyabiashara wa Unguja, ulifika kwenye vinu vya mafuta vya Marseille. Hapakuwa na nahodha aliyemwambia mkulima wa Mkunumbi: niuzie konde, nipande mwenyewe. Alinunua pishi zake za mtama, akalipa, au akakopa akalipa msimu wa pili, akatweka. Chakula kilivuka bahari, na ardhi ikabaki mikononi mwa watu wa pwani.

Mabadiliko yalianza kwa mkataba. Tarehe 8 Aprili 1885, ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walimfikia Sultani Ahmed kule Witu, naye, akitafuta wa kumkinga na Seyyid Barghash wa Unguja, akawauzia eneo la maili 25 za mraba kwa kipimo cha Kijerumani, ambazo ni kubwa mara nyingi kuliko maili za Kiingereza. Haukupita mwezi wa pili, Ujerumani ikatangaza himaya juu ya nchi yake. Tukimpa Sultani Ahmed haki yake, alikuwa mzee aliyezingirwa, na aliyezingirwa huuza hata kisicho chake. Wapokomo waliolima kingoni mwa mto Tana, watoro waliofyeka misitu, Waboni waliokusanya asali, hakuna kati yao aliyeitwa kutia mkono wake. Huu ndio mkataba wa kwanza, kwa kadiri ya ujuzi wangu, ambao ardhi ya bara ya Amu iliuzwa kwao na asiyeilima kwa asiyeiona.

Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakampimia Seyyid wa Unguja dola yake: mwambao wa upana wa maili 10 kutoka Ruvuma hadi Kipini, pamoja na visiwa, na miji kadhaa ya Benadir. Neno Kipini lisipite hivihivi. Kipini iko kwenye mlango wa mto Tana, kusini ya Amu. Na kwa kuwa mstari uliishia pale, visiwa vya Amu vilihesabiwa kuwa vya Seyyid, ilhali bara inayovikabili, yaani mashamba yao, ilibaki nje. Mtu wa Faza akalala chini ya bendera moja akalima chini ya nyingine. Hata visiwa vyenyewe viligombewa: katika 1889 ugomvi wa ushuru wa forodha ya Amu ulipelekwa kwa muamuzi, Baron Lambermont, huko Ubelgiji, naye akaamua kwamba si Wajerumani wala kampuni ya Waingereza waliothibitisha haki yao, na kwamba Seyyid alikuwa huru kumpa amtakaye. Mtu mwadilifu, bila shaka, lakini alikuwa akipima karatasi kwa karatasi. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu katika mapatano yaliyoipatia kisiwa cha Helgoland, na kabla ya mwaka huo kwisha, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, manowari za Kiingereza zilishusha askari wakauchoma mji wa Sultani Fumo Bakari, aliyemrithi Ahmed.

Serikali ya kikoloni ilipotulia ikaanza kuandika. Katika 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na mashamba makubwa ya bara, ambayo nguvu yake ilikuwa watu wasiolipwa, yakadhoofika. Katika 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye madai ayalete na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Na katika 1915 sheria ya ardhi za Taji ikapanua mkono zaidi, hata ardhi zilizokaliwa na wenyeji zikahesabiwa kuwa za Mfalme wa Uingereza. Kwa mwenye nyumba ya mawe mtaani Mkomani mjini Amu au shamba la minazi lenye mipaka, hili lilikuwa jambo la kwenda kwa karani na mashahidi wawili. Lakini mwenye konde la kuhama angeonyesha nini? Mwaka ule alikuwa hapa, mwaka wa tatu atakuwa kule, na mwitu aliouacha upumzike ulionekana machoni mwa mpimaji kuwa mwitu usio na mwenyewe. Elimu ile ya kilimo, ambayo ilikuwa ndiyo busara ya ardhi nyepesi yenye mvua haba, ikageuka kuwa ushahidi dhidi ya mkulima.

Uhuru ulipokaribia, jambo la mwambao lilijadiliwa kwa makini, maana wako waliotaka pwani ijitenge. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohamed Shamte, waliandikiana barua, na katika dhamana zilizotolewa ilikuwamo hii: kwamba hati za umilikaji wa ardhi za pwani zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa daima. Dhamana njema kwa mwenye hati. Kwa asiyekuwa nayo, ardhi ya Taji ilibadilika jina tu ikawa ardhi ya serikali.

Kisha likaja balaa la waasi walioitwa shifta. Tangu mwisho wa 1963 hata 1967, vita vya kaskazini-mashariki viliteremka mpaka pwani, na Wabajuni wa vijiji vya bara, wakiwa kati ya bunduki za shifta na bunduki za serikali, walivihama vijiji vyao, wakajaa Pate, Ndau na Amu, na wengine wakaenda hadi Malindi na Mombasa. Makonde yakamea msitu. Visima vikafukiwa. Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi, kwani usalama haukurudi nao. Na msitu ule ambao zamani ulikuwa ni mapumziko ya shamba, sasa ukawa ni ushahidi mwingine kwamba hapakuwa na mtu. Katika 1976 sehemu kubwa yake ikatangazwa hifadhi za wanyama, Boni na Dodori, na mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote, na Mboni ambaye babu yake aliishi kwa upinde akawa mhalifu katika nchi yake.

Wakati huohuo, mapema katika miaka ya 1970, serikali ilifungua mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, pale Mpeketoni, kwa msaada wa Ujerumani, na ikaleta familia zisizo na ardhi, nyingi zikiwa za Wakikuyu kutoka bara ya mbali, kila moja ikapimiwa eka zake na kuahidiwa hati. Hapa nataka kusema bila kificho, kwa sababu kadhia hii imeharibiwa na watu wanaosema nusu ya ukweli. Watu wale walikuja mikono mitupu kwenye mwitu wa nyati na malale. Walifyeka, walizika watoto wao kwa homa, na wakaifanya Mpeketoni kuwa soko la mahindi, pamba na matunda ambalo hata mama wa Kiamu hununua kwalo. Kwa hesabu ya chakula, mradi ule ulifaulu. Lakini kufaulu kwake kwathibitisha hoja ya Mbajuni badala ya kuivunja: palipopimwa ardhi na mkulima akapewa dhamana, chakula kilipatikana, na wale waliokimbia kutoka pwani ya Kiunga katika miaka ileile, na ambao walilima pwani hiyo kabla ya mpimaji wa kwanza kuzaliwa, hawakupimiwa kitu. Dhambi haikuwa ya mgeni aliyepokea. Ilikuwa ya mgawaji ambaye hakuuliza ni makonde ya nani.

Sasa tufike mwaka 2008, ambapo historia hii yote iligeuka chini juu. Bei ya mchele na ngano ilipanda duniani kwa namna ambayo haikuonekana kwa miaka mingi. Nchi zinazouza nafaka, Bara Hindi na Vietnam miongoni mwao, zikafunga milango. Na mataifa ya Ghuba, yenye mafuta na yasiyo na maji, yakatambua kwamba fedha peke yake haishibishi siku ambayo muuzaji amekataa kuuza. Ndipo yakaanza kutafuta ardhi katika nchi za watu. Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya Rais Mwai Kibaki kuzuru Qatar, ikatangaa habari kwamba Qatar yaomba hekta 40,000 katika delta ya Tana ilime matunda na mboga zake, na kwamba badala yake itasaidia kujenga bandari kubwa Amu. Delta ile ndiyo inayomalizikia Kipini, palepale ulipoishia mstari wa 1886. Mwanzoni mwa 2009, wino wa magazeti haujakauka, Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la taifa, na watu milioni 10 wa Kenya wakahesabiwa kuwa hatarini.

Bara Arabu ilikuwa imekula nafaka ya pwani hii kwa karne nyingi, na hapana aliyeona uchungu. Kilichowatia watu uchungu safari hii ni kwamba mnunuzi hakutaka tena mtama; alitaka konde. Anayenunua mtama hupandisha bei, na bei humfanya mkulima alime zaidi. Bali anayechukua konde humtoa mkulima nje ya ua, pamoja na malisho ya Muorma ya kiangazi na mabwawa ya Mpokomo ya kupandia mpunga. Wala haikuwa Kenya peke yake: huko Madagaska, kampuni ya Daewoo ya Korea ilitaka hekta milioni 1.3, na hasira ya watu juu ya jambo hilo ilikuwa miongoni mwa yaliyomwangusha Rais Ravalomanana mwezi Machi 2009. Mpango wa Qatar wa Tana ulizimika. Mpango wa bandari haukuzimika.

Tarehe 2 Machi 2012, Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Uhabeshi walikutana Magogoni wakaufungua mradi wa LAPSSET, wenye bandari ya gati 32, reli, barabara na bomba la mafuta. Kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, walanguzi walikwisha fika. Ardhi ya bara ambayo Wabajuni waliambiwa kuwa ni ya serikali, wala haiwezi kupimwa, ilipimwa kwa wengine. Na tarehe 31 Julai 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni na vijiji vya jirani ya mwezi wa Juni, ambamo watu zaidi ya 60 walipoteza roho zao, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kampuni 22 zilijitwalia katika 2011 na 2012 eka takriban 500,000 za Amu, na akaamuru hati zao zifutwe. Eka nusu milioni! Na mwenye konde la eka tatu alikuwa akiambiwa tangu 1908 alete ushahidi.

Baharini nako kulikuwa na konde, ingawa halina ua. Wavuvi wa Amu na Pate, ambao wengi wana mashua ndogo, madema na nyavu za mkono, walivua ndani ya ghuba ya Manda na mikondo yake, kwenye mikoko na miamba, kwa sababu chombo chao hakistahimili bahari kuu wakati wa kusi. Na meli za kuchimba mchanga kwa ajili ya bandari zilipoanza kazi, maji yakatibuka na samaki wakahama. Wavuvi walikwenda mahakamani, na katika 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikahukumu kwamba serikali haikuwashirikisha wananchi inavyopasa na kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao imevunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Baraza la Rufaa la Mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hoja kubwa ikiwa ileile: watu hawakuulizwa ipasavyo. Malipo ya wavuvi yaliingia katika rufaa na mazungumzo marefu. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021 ilhali wengi wao hawajaona hata senti.

Sheria, tuseme haki, haikulala. Katiba ya 2010 iliitambua ardhi ya jamii kuwa aina ya tatu ya ardhi, sawa na ya umma na ya mtu binafsi. Mwezi Mei 2012, Kamati ya Usalama wa Chakula Duniani, huko Roma, ikapitisha miongozo inayozitaka dola ziheshimu haki za ardhi hata zisizoandikwa, kwa hoja kwamba njaa haiwezi kuondolewa kwa kumnyang'anya mkulima. Na katika 2016 Bunge la Kenya likatunga Sheria ya Ardhi ya Jamii. Sheria hiyo yasema kwamba mkataba wowote na mwekezaji juu ya ardhi ya jamii haufai mpaka ukubaliwe na theluthi mbili za watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili yake. Lau kanuni hiyo ingalikuwako Witu mwezi wa Aprili 1885, ndugu Denhardt wangalilazimika kuwakusanya Wapokomo, Waboni na watoro chini ya mti mmoja, na sijui wangaliwaambia nini.

Ila kinga hiyo yaanzia pale jamii ilipokwisha jiandikisha: majina ya watu wake, kamati yake, ramani na mipaka yake. Ardhi isiyoandikishwa yashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na jamii ambayo nusu yake i Faza, robo i Mombasa, na waliobaki Kiunga hawathubutu kukata mwitu kwa hofu ya wapiganaji wa al-Shabaab na ya wanajeshi wanaowasaka, yahitaji kwanza ikutanishwe ndipo ihesabike. Wazee wanaoweza kusema kisima hiki ni cha kijiji cha Rubu na mbuyu ule ni wa kijiji cha Mvundeni wanapungua, na mpimaji huandika anachoonyeshwa na mtu aliye hai.